Ushindi wa Nick Percat huko Bathurst mwaka 2011 na njia ya dereva chipukizi

Jumapili ya tarehe 9 Oktoba 2011, kwenye barabara ya mlima Panorama katika mji wa Bathurst, jimbo la New South Wales nchini Australia, gari namba 2 la timu ya Holden lilikata mstari wa mwisho likiwa limelitangulia gari la Craig Lowndes kwa sekunde 0.2917 tu, baada ya mizunguko 161 na zaidi ya kilomita 1,000 za mbio. Kwenye usukani alikuwa Garth Tander, bingwa wa Australia wa mwaka 2007 ambaye alikwisha kushinda mbio hizo mwaka 2000 na 2009. Mwenzake wa kupokezana naye gari hilo alikuwa Nick Percat, kijana wa miaka 23 kutoka Australia Kusini, ambaye hakuwa amewahi kuanza mbio za Bathurst 1000 hata mara moja kabla ya siku hiyo, na ambaye hakuwa na kiti cha kudumu katika daraja la juu la magari ya V8, yaani magari ya mbio yenye injini ya silinda nane.

Kisa cha Percat kinastahili kuchambuliwa kwa sababu kinagusa jambo ambalo waandaaji wa mbio hizi wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka ishirini, yaani namna ya kumtoa dereva mwenye kipaji kwenye daraja la chini na kumfikisha daraja la juu bila kumpoteza njiani. Kwa mtazamo wa haraka, ushindi ule ulithibitisha kwamba mfumo unafanya kazi. Ukitazama yaliyotangulia na yaliyofuata, utaona kwamba mfumo ulimpa Percat mafunzo, ukampa nafasi ya siku moja na ukampa jina, lakini kiti alichokihitaji haukumpa. Kiti hicho kilichelewa hadi mwaka 2014.

Ili kuelewa kilichotokea, ni lazima kwanza kuelewa mahali penyewe. Njia ya Mount Panorama ina urefu wa kilomita 6.213 na kona 23, na tofauti kati ya sehemu yake ya chini kabisa na ya juu kabisa ni mita 174. Ilifunguliwa mwaka 1938 kama barabara ya watalii, na hadi leo ni barabara ya umma: siku zisizo za mashindano, wakazi huipita kwa mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa. Siku ya mbio, gari huondoka kwenye mstari, hupinda kushoto kwenye kona iitwayo Hell Corner, hupanda mlima kwa kasi, kisha hujipenyeza kwenye kona za juu ambako kuta za zege ziko karibu na milango pande zote mbili. Pale juu, kwenye Reid Park, Sulman Park na McPhillamy Park, dereva anafanya maamuzi kabla hajaona mwisho wa kona. Baada ya Skyline barabara inaporomoka ghafla, gari linakuwa jepesi juu ya matairi, na dereva anashuka kona baada ya kona hadi Forrest's Elbow, ambako lazima atoke vizuri kwa sababu mbele yake umenyooka mteremko mrefu wa Conrod, sehemu ambayo magari haya hukaribia kilomita 300 kwa saa. Mtu anayetoka Forrest's Elbow akiwa na mwendo mdogo kidogo tu ataulipia upungufu huo mteremko mzima.

Msomaji aliyezoea Safari Rally anajua ugumu wa barabara inayobadilika kila kilomita. Ugumu wa Bathurst ni wa aina nyingine: barabara ni ileile, kona ni zilezile, na dereva anatakiwa azirudie bila kosa kwa saa sita au zaidi, huku breki zikichakaa, matairi yakichoka na uzito wa mafuta ukipungua kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo kipaji cha kukimbia mzunguko mmoja kwa kasi ya ajabu hakitoshi. Kinachotafutwa hapa ni mtu anayeweza kukabidhiwa gari likiwa katika nafasi ya pili, akalirudisha likiwa bado nafasi ya pili, bodi ikiwa nzima na breki zikiwa zimebaki za kumtosha mwenzake.

Mbio zenyewe zilianzia Phillip Island mwaka 1960 zikiwa za maili 500, zikahamia Bathurst mwaka 1963, na zikafikia kilomita 1,000 mwaka 1973. Kwa muda mrefu vijana waliingia kwa njia yoyote waliyoipata: mmoja ana fedha za familia, mwingine ana rafiki mwenye gari, mwingine amepewa nafasi na timu ndogo iliyokuwa inatafuta mtu wa kuchangia gharama. Utaratibu rasmi ulikuja mwaka 2000, ulipoanzishwa mfululizo wa pili wa mashindano kwa ajili ya timu za watu binafsi na madereva wanaokua, wakitumia magari ya daraja la juu ambayo timu kubwa zilikuwa zimeyaacha. Bingwa wa kwanza alikuwa Dean Canto. Mfululizo huo umebadili jina mara nyingi kadiri wadhamini walivyobadilika, na sasa unajulikana kama Super2. Orodha ya mabingwa wake inaonyesha thamani yake: Mark Winterbottom mwaka 2003, Scott McLaughlin mwaka 2012, Cameron Waters mwaka 2015, Broc Feeney mwaka 2021.

Mfululizo huo nao ulipelekwa Bathurst, katika wikiendi ileile ya mbio kubwa, na katika miaka ya 2010 mbio zake za pale mlimani zilirefushwa hadi kufikia takriban kilomita 250, ili vijana wajifunze kutunza matairi, kuingia piti (mahali mafundi wanapolihudumia gari) na kusoma mbio ndefu badala ya kukimbizana kwa dakika chache. Huu ulikuwa uamuzi mzuri. Dereva aliyewahi kuingia piti chini ya shinikizo, akasimama pale hasa fundi wake alipomtaka asimame na kuondoka bila kuzima injini, ana kitu ambacho hakipatikani katika mbio fupi.

Hata hivyo, gharama ya kujifunza mahali kama hapa haikuwahi kuwa ndogo. Tarehe 6 Oktoba 2006, katika mbio za daraja hilo la pili, dereva wa New Zealand Mark Porter alipata ajali kwenye sehemu ya juu ya mlima baada ya gari lake kupoteza mwelekeo na kugongwa na gari jingine lililokuwa linakuja. Alifariki dunia tarehe 8 Oktoba, siku ileile ya mbio kubwa. Ulikuwa mwezi mzito kwa mchezo huu, kwa kuwa Peter Brock, mshindi wa Bathurst mara tisa, alikuwa amefariki wiki nne tu kabla katika ajali ya rali huko Australia Magharibi. Anayezungumzia madereva chipukizi kupelekwa Bathurst asisahau kwamba kuta zile hazimbagui anayejifunza na anayejua.

Sasa tufike kwenye kanuni iliyomfungulia Percat mlango. Hadi mwaka 2009, timu yenye magari mawili iliweza kuwachukua madereva wake wawili bora wa msimu mzima na kuwaweka katika gari moja kwa mbio ndefu, kisha gari la pili likaachiwa wasaidizi. Matokeo yake yalionekana wazi: Craig Lowndes na Jamie Whincup, wote wa timu moja, walishinda Bathurst miaka mitatu mfululizo, 2006, 2007 na 2008, na mwaka 2009 Tander akashinda na Will Davison, naye mwenzake wa msimu mzima. Kuanzia mwaka 2010 waandaaji walikataza jambo hilo. Kila dereva wa msimu mzima alitakiwa abaki kwenye gari lake mwenyewe na atafutiwe mwenzake kutoka nje ya orodha ya madereva wa kudumu. Aidha, dereva wa pili hakuweza kuwekwa kama pambo, kwa kuwa kila mmoja alitakiwa kuendesha angalau theluthi ya mbio, yaani mizunguko 54 kati ya 161.

Kwa hesabu ya haraka, kanuni hiyo ilizalisha ajira mpya kwa idadi sawa na idadi ya magari. Ghafla kila timu kubwa ilihitaji mtu ambaye haendeshi daraja la juu kila wiki lakini anaweza kuendesha theluthi ya mbio ngumu kuliko zote bila kuharibu. Mtu angetarajia kwamba viti hivyo vingejazwa na vijana wa daraja la pili, na bila shaka baadhi ya waliounga mkono kanuni hiyo waliliona hilo kama faida yake mojawapo.

Timu nyingi hazikufanya hivyo. Mwaka 2010 Lowndes alishinda akiwa na Mark Skaife, bingwa mara tano wa Australia aliyekuwa amestaafu msimu mzima. Ukiipitia orodha ya madereva wa pili walioshinda tangu hapo, utakutana na Paul Dumbrell, Steven Richards, Paul Morris, Jonathon Webb, Luke Youlden, Alexandre Prémat, Lee Holdsworth, na Tander mwenyewe, ambaye alipoacha msimu mzima aligeuka kuwa dereva wa pili na kushinda mwaka 2020, 2022 na 2025. Hata Todd Hazelwood, aliyeshinda na Brodie Kostecki mwaka 2024, alikuwa bingwa wa Super2 wa mwaka 2017 na alikwisha kukaa misimu kadhaa daraja la juu kabla ya kurudi kama dereva wa pili. Wote hawa ni madereva wazuri, na sina neno la kuwapunguzia heshima. Lakini katika orodha hiyo yote, aliyekuwa kweli mwanzoni mwa safari yake ni Percat peke yake.

Sababu za timu kuwakwepa vijana zinaeleweka. Gari moja la daraja hili ni mali ghali sana, na Bathurst ina pointi nyingi za ubingwa na macho mengi ya wadhamini. Siku za majaribio huwa chache kwa mujibu wa kanuni, kwa hiyo dereva wa pili hufika mlimani akiwa ameliendesha gari lake kwa saa chache tu. Mkongwe hahitaji kuelekezwa kona. Anakumbuka jinsi barabara inavyobadilika mchana jua linapoipasha joto, na anajua kuzungumza na mhandisi kwa maneno mawili akaeleweka. Kijana anaweza kuwa na kasi zaidi yake, ila kasi ndiyo kitu cha mwisho kinachoombwa kwa dereva wa pili.

Basi kwa nini timu ya Holden ilimchukua Percat? Historia yake inatoa jibu. Alikuwa bingwa wa Formula Ford ya Australia mwaka 2009, daraja la magari madogo ya kiti kimoja ambalo kwa miaka mingi limekuwa shule ya kwanza ya madereva wa nchi hiyo, kisha akaingia mfululizo wa pili wa V8 chini ya Walkinshaw, kundi lilelile lililokuwa likiiendesha timu ya Holden. Hakuwa mgeni kwa wahandisi wala kwa gari. Walikuwa wamemwona akifanya kazi, wanajua anavyopokea maelekezo na anavyoyarudisha. Gari la pili la timu, la James Courtney, lilipewa mkongwe Cameron McConville, na kijana akawekwa pamoja na Tander. Uamuzi huu, kwa maoni yangu, ndio kiini cha kisa kizima: dereva chipukizi alipata nafasi pale ambapo timu ya juu na timu ya chini zilikuwa nyumba moja. Kanuni ya 2010 ilifungua mlango, lakini aliyemsukuma apite ni kundi lililokwisha kuwekeza kwake.

Siku yenyewe Percat alifanya kile hasa alichotakiwa kufanya. Aliendesha sehemu yake bila kulipeleka gari ukutani, akalikabidhi likiwa na uwezo wa kushinda, na saa za mwisho zikawa za Tander. Isichukuliwe kuwa ni kazi ndogo. Katika mbio hizohizo gari la Dick Johnson Racing lililokuwa likiendeshwa na David Besnard, dereva wa pili mwenye uzoefu kumzidi Percat, liligonga ukuta na kuwaka moto, naye akatoka akiwa ameungua. Ajali ile iliongeza uzito kwenye mjadala wa mahali tangi la mafuta linapokaa, na magari mapya yaliyoanza kutumika mwaka 2013 yalijengwa yakiwa na tangi mbele ya ekseli ya nyuma, mbali zaidi na sehemu inayogongwa.

Mizunguko ya mwisho ilikuwa ya kushika roho. Lowndes, ambaye alikuwa akipokezana gari na Skaife kama mwaka uliotangulia, alikuwa na gari lenye kasi zaidi na alizidi kumkaribia Tander mzunguko kwa mzunguko, hadi wakashuka Conrod kwa mara ya mwisho magari yakiwa karibu kugusana. Tander alifunga ndani ya kona pale palipohitajika, akatoka Murray's Corner, kona ya mwisho, akiwa wa kwanza, na pengo la sekunde 0.2917 likawa dogo kuliko yote hadi wakati huo katika historia ya mbio hizo kwa magari yaliyokuwa yakishindana kweli hadi mstarini. Nafasi ya tatu ilikwenda kwa Greg Murphy na Allan Simonsen. Percat aliyatazama hayo akiwa piti, kwa kuwa dereva wa pili hana la kufanya tena anapomaliza zamu yake. Nilipoitazama upya picha ya video ya mizunguko ile, nilichokiona zaidi ni jinsi ambavyo kosa lolote dogo la Percat saa tatu kabla, breki moja iliyochelewa au mguso mmoja wa ukuta, lingetosha kulila pengo hilo lote.

Kilichofuata ndicho kinachosumbua. Kijana aliyeshinda mbio kubwa kuliko zote za magari nchini mwake hakuitwa daraja la juu msimu uliofuata. Mwaka 2012 alirudi katika mfululizo wa pili, na mwaka 2013 akaendesha Porsche katika Carrera Cup, huku kila Oktoba akiitwa tena kuwa mwenzake Tander pale Bathurst. Msimu kamili wa daraja la juu aliupata mwaka 2014 kwa kundi hilohilo la Walkinshaw, na mwaka huo akamaliza wa tatu Bathurst pamoja na Mwingereza Oliver Gavin. Mwaka uliofuata hakuwa nao tena. Alihamia timu ndogo ya Lucas Dumbrell, na ni katika gari la timu hiyo ndogo ndipo alipoushangaza uwanja mzima kwa kushinda kwenye mvua mjini Adelaide mwanzoni mwa mwaka 2016. Kutoka hapo alijijengea maisha ya kueleweka: Brad Jones Racing kuanzia 2017, kisha mwaka 2022 akarudi kwa Walkinshaw.

Anayeuliza kwa nini ilichukua miaka mitatu atafute jibu kwenye idadi ya viti kabla ya kulitafuta kwenye kipaji. Daraja la juu huruhusu magari kwa haki maalumu za kushiriki, na haki hizo zina idadi maalumu. Kiti hakizaliwi kwa sababu kijana ameshinda. Kinapatikana mtu anapostaafu, anapofukuzwa, au mdhamini anapokuja na fedha zake na jina analolitaka. McLaughlin, aliyekuwa bingwa wa daraja la pili mwaka 2012, alipandishwa msimu uliofuata kwa sababu Garry Rogers, mwenye timu, alikuwa na kiti kitupu na desturi ya kuwaamini vijana. Akaja kuwa bingwa mara tatu na kushinda Bathurst mwaka 2019. Chaz Mostert, aliyekuwa naye daraja la pili mwaka huohuo wa 2012, alipanda katikati ya 2013, na mwaka 2014 alishinda Bathurst akiwa na Paul Morris baada ya kuanza mwisho kabisa wa msururu. Hakuna ushahidi kwamba Percat alikuwa nyuma yao kwa kiwango cha miaka. Alichokosa ni kiti kuwa wazi siku aliyokuwa tayari.

Hapa ndipo mfululizo wa pili nao unapopaswa kuulizwa maswali. Baada ya kanuni ya 2010, wakongwe walioajiriwa kama madereva wa pili walihitaji mahali pa kujinoa, na mahali palipofaa zaidi palikuwa katika daraja lililoundwa kwa ajili ya vijana. Steve Owen alikuwa bingwa mwaka 2008 na tena 2010. Dumbrell, bingwa wa mwaka 2002, aliacha msimu mzima wa daraja la juu mwishoni mwa 2011, akashinda Bathurst na Whincup mwaka 2012, na mwaka 2014 akatwaa tena ubingwa wa daraja la pili. Wapo wanaosema kwamba kijana hujifunza zaidi anapomkimbiza mtu kama Dumbrell, na hoja hiyo ina ukweli. Ukimshinda mshindi wa Bathurst, hakuna mwenye timu atakayesema hukupimwa. Lakini pia kila gari zuri aliloliendesha mkongwe ni gari ambalo kijana hakuliendesha, na magari mazuri katika daraja hilo hayajawahi kuwa mengi.

Njia iliyotoa matokeo bora zaidi siku za karibuni ni ile ya gari la ziada, ambalo timu huruhusiwa kuliingiza Bathurst nje ya magari yake ya msimu. Desemba 2021, mwezi ambao mbio zilisogezwa kutokana na janga la korona, timu ya Triple Eight iliingiza gari la namna hiyo likiwa na Russell Ingall, mkongwe aliyekwisha kushinda Bathurst mara mbili, na Broc Feeney, kijana wa miaka 19. Gari la ziada halina pointi za ubingwa wa timu za kuhatarishwa, kwa hiyo kijana anaweza kukosea na timu isipoteze msimu wake. Tena tofauti yake na kisa cha Percat ni kwamba Feeney alipokuwa anawasha injini siku ile, ilikuwa imekwisha kutangazwa kwamba mwaka 2022 angekaa kwenye kiti cha Whincup, aliyekuwa anastaafu. Timu ilikuwa na kiti, ikamchagua mtu, kisha ikautumia mlima kumwandaa.